Kuuza Nyumba na Kunyamaza

Tumeulizwa suali katika darsa yetu ya baina ya magharibi na isha, na aliyeuliza hakuwa akitafuta elimu ya vitabuni tu, bali alikuwa na karatasi mkononi. Suali lenyewe ni hili: mtu akiuza nyumba, na katika kuiuza asiseme neno la uongo hata moja, lakini akanyamazia jambo ambalo lau mnunuzi angelijua hangelinunua, je, mtu huyo amedanganya, au amefanya biashara? Na mnunuzi aliyetia sahihi karatasi asiyoifahamu, je, amedhulumiwa, au amejidhulumu mwenyewe?

Hatukumjibu usiku ule. Tuliomba muhula wa juma moja, na sababu ya kuomba muhula haikuwa uzito wa mas'ala peke yake. Katika ile karatasi, chini ya jina la muuzaji na la mnunuzi, palikuwa na sahihi ya shahidi, na sahihi hiyo ni yetu.

Muulizaji ni kijana wa Mambrui, na jina lake hatulitaji. Alikaa Ghuba miaka kumi na mmoja akiendesha magari ya watu, akarudi na akiba ya kununua nyumba, na mkewe akapenda wakae Malindi karibu na skuli ya watoto. Dalali akampeleka kwa mzee mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye nyumba ya mawe ya vyumba sita iliyoezekwa bati jipya. Wakapatana kwa shilingi laki tisa. Tukaitwa baada ya sala ya isha, tukapewa kahawa na haluwa, ikasomwa Fatiha, pesa zikahesabiwa mbele yetu mpaka noti ya mwisho, kisha dalali akatoa karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Mzee akatia sahihi, kijana akatia sahihi, nasi tukaonyeshwa mahali petu tukatia. Hapana hata mmoja aliyeuliza karatasi yasema nini. Tuliona kuwa shughuli imekwisha kwa Fatiha, na kwamba karatasi ni jambo la serikali.

Ilipopita miezi minane akaja mtu na kitabu cha stakabadhi, akamwambia kijana kuwa ametumwa na wenye kiwanja, na kwamba kodi ya kiwanja haijalipwa miaka minne. Kijana akasema, "Kiwanja gani? Hii ni nyumba yangu." Yule mtu akamjibu kwa upole kuwa nyumba ni yake kweli, hapana anayemgombania, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya watu wengine, na wenyewe wameanza kufikiri kuiuza. Ndipo karatasi ikapelekwa kwa mtu ajuaye Kiingereza cha sheria, naye akaonyesha mstari wa nne wa ukurasa wa kwanza, ambapo maneno matatu tu yalisema kuwa kinachouzwa ni nyumba bila ya ardhi.

Desturi hii wasomaji wetu wa mijini waijua, lakini watu wa Gongoni, Marafa na Fundisa, waliozoea kuona nyumba na ardhi yake ni kitu kimoja, huenda ikawatatiza. Mwenye ardhi humruhusu mtu ajenge, na mjenzi humlipa kodi ya kiwanja kila mwezi au kila mwaka. Kuta, paa na milango ni mali ya mjenzi. Aweza kuviuza na kuviweka rahani, na akifa warithi wake huvirithi. Ardhi hubaki kwa mwenyewe. Sheria ya Kiingereza kwa asili yake haikubali hivyo, maana kwao kilichojengwa juu ya ardhi hufuata ardhi. Lakini desturi ya mwambao ilikuwa na nguvu hata mahakama za Kenya zimeitambua, Mombasa na Malindi. Wala desturi yenyewe haina ubaya. Maskini wengi wamepata kujenga kwa njia hiyo ambao hawangelipata kamwe thamani ya kiwanja. Ubaya umo katika kumuuzia mtu nusu ya kitu, naye akalala akiamini kuwa anacho chote.

Tulikwenda kwa mzee. Alitupokea vizuri, akatuambia: "Maalim, mimi nimeuza nyumba, na nyumba amepewa. Hakuniuliza ardhi, wala sikumwambia kuwa namuuzia ardhi. Na Malindi nzima yajua kuwa mtaa ule ni wa viwanja vya watu. Tena karatasi yasema." Hizo ni hoja tatu, wala si za kudharauliwa, na mwenye kuzisikia kwa haraka ataona kuwa mzee hana lawama. Tulirudi nyumbani tukazipima moja moja.

Ama hoja ya kwanza, kuwa aliuza nyumba na nyumba imetolewa, yaturudisha kwenye suali la nyumba ni kitu gani. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho vijana wetu wa darsa hukisoma na wengi hukihifadhi bila ya kukifanyia kazi, ameeleza kuwa mtu akiuza nyumba, basi ardhi yake imo katika mauzo pamoja na majengo yote yaliyomo, hata hamamu yake. Na waliokisherehesha kitabu hicho wakaongeza sura inayofanana kabisa na hii yetu: ikiwa ardhi si ya muuzaji, bali ameikodi au ni wakfu, basi ardhi haimo katika mauzo, kwa kuwa mtu hauzi asichokimiliki, lakini mnunuzi, kama alikuwa hajui, ana khiyari. Yaani akipenda aikubali nyumba kama ilivyo, na akipenda airudishe achukue pesa zake. Basi tazama jinsi wanavyuoni hao, waliokufa mamia ya miaka kabla ya mzee wetu hajazaliwa, walivyoifahamu hila hii. Hawakusema kuwa mauzo ni haramu. Wamemwacha mnunuzi mlango wa kutokea, na ufunguo wa mlango huo ni neno moja: kutojua.

Hoja ya pili ni kuwa Malindi nzima yajua. Twakubali kuwa desturi ni hujja, na kanuni nyingi za fiqhi zimejengwa juu yake. Lakini desturi ni hujja juu ya mwenye kuijua. Kijana huyu amelelewa ng'ambo ya mto Sabaki, na ujana wake ameumaliza katika nchi za watu. Na mzee alijua kuwa hajui. Twasema hivi kwa yakini kwa sababu usiku ule wa kutiliana sahihi, kahawa ikinywewa, kijana alisema kuwa akijaaliwa atachimba kisima uani na baada ya miaka miwili atapandisha ghorofa. Aliyejenga katika kiwanja cha kukodi hachimbi kisima wala hapandishi ghorofa bila ya idhini ya mwenye ardhi. Mzee alitabasamu akasema, "Mungu akuwezeshe." Sisi tulikuwapo, tukaitikia amin.

Hapo ndipo tulipoona kuwa kunyamaza kwa mzee hakukuwa kunyamaza. Mtu asiyeulizwa akakaa kimya aweza kuwa na udhuru. Lakini mwenziwe anapojenga mipango mbele yake juu ya jambo lisilokuwapo, naye akamwombea dua, basi dua ile ni kauli. Imesimama mahali pa kusema "ndiyo, ardhi ni yako".

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuchukua siku nyingi, maana kwa dhahiri yake ni ya kweli: karatasi yasema. Lakini yasema kwa lugha gani, na kumwambia nani? Yajulikana kisa cha Mtume, sala na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji ndani, ilhali juu ni pakavu. Muuzaji alitoa udhuru kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume hakumwambia kuwa mnunuzi angeweza kutia mkono mwenyewe. Alimuuliza kwa nini hakuuweka ule umaji juu watu wauone. Basi na ule mstari wa nne ni umaji uliowekwa chini ya rundo. Haukufichwa, kwa maana aliyetaka kuufikia angeufikia; lakini haukuwekwa juu. Lau mzee angelisema kwa Kiswahili, kwa pumzi moja, "Mwanangu, ardhi si yangu, na kodi yake ni kadha wa kadha," rundo lingelikuwa limegeuzwa, na hapana ambaye angelikuwa na neno. Kuandika kwa lugha asiyoijua mwenzako ni njia ya kunyamaza kwa wino.

Hata hivyo haturidhiki kumtoa kijana mikono mitupu ya lawama. Fiqhi yetu ya Kishafii imeweka sharti tano katika kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiwezekane kukabidhiwa, kiwe katika mamlaka ya mwenye kuuza, na kijulikane. Kujulikana ni kazi ya watu wawili. Kijana huyu alipokwenda kununua gari, aliita fundi, wakafungua boneti, wakasikiliza mashine asubuhi kungali baridi. Katika nyumba ya laki tisa alipapasa kuta, akahesabu mabati, akaridhika. Tulipomuuliza kwa nini hakutaka kuona hati ya ardhi, alisema aliona haya. Mzee ni mtu wa dini, na kumuuliza hati ni kama kumwambia "wewe ni mwizi".

Neno hili la kuona haya ndilo hasa tunalotaka kulisema, kwa sababu twalisikia kila mahali tangu Ngomeni mpaka Kilifi. Watu wetu wameifanya imani kuwa kinyume cha maandishi. Husema "sisi ni Waislamu, twaaminiana", na husema hivyo mbele ya Mungu aliyeteremsha aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, isizungumze juu ya pepo wala moto, bali juu ya kuandikiana deni: mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye aseme yaandikwe, asiyejiweza asemewe na walii wake, mashahidi waitwe, na watu wasichoke kuandika jambo likiwa dogo au kubwa. Na katika kuuziana pia imeamrishwa kushuhudisha. Amri hiyo iliteremka kwa masahaba, wala hapana atakayethubutu kusema kuwa waliamrishwa kuandikiana kwa kuwa walikuwa wezi.

Ni kweli kuwa jumhuri ya wanavyuoni, na wa madhehebu yetu wakiwamo, wamesema amri hii ni ya kupendekezwa, si ya wajibu, ijapokuwa Imam Tabari na Ibn Hazm waliona kuwa ni wajibu. Wengi wetu tumelishika lile la kupendekezwa kama mtu aliyepata ruhusa ya kulala. Sisi twaona kuwa katika nyumba na ardhi, katika nchi tuliyomo, mwenye kuacha kuandika huwatia hatarini warithi wake wadogo, na kuitia mali ya yatima hatarini si jambo la kupendekezwa wala kutopendekezwa. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kama ilivyo tangu 2003, haimruhusu mtu kushtaki juu ya mkataba wa ardhi ila uwe umeandikwa, umetiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi ina shahidi aliyekuwapo. Fatiha haikutajwa.

Na tusidhani kuwa karatasi ni jambo la wageni tuliloletewa juzi. Wazee wetu wa mwambao waliandikiana mauzo kwa Kiarabu mbele ya makadhi. Ilipokuja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, kila mwenye dai katika ukanda wa pwani alitakiwa alilete kwa afisa wa kusajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na karatasi walipata, na waliokuwa na ardhi bila ya karatasi walikosa. Jirani zetu Wagiriama wengi walikuwa katika hao waliokosa, na miaka zaidi ya mia baadaye wangali wakiitwa maskwota juu ya ardhi waliyozikwa babu zao. Baadhi yetu tulifaidika na karatasi ile, na haifai leo tuseme hatujui kazi yake.

Basi mwenye kununua na aulize, wala asione haya. Aombe nakala ya hati ya kumiliki, kisha aende mwenyewe katika ofisi ya ardhi akatake upekuzi rasmi wa daftari, ili aone jina liliomo ni la nani, na kama kuna rehani au zuio. Asimtume dalali, kwa kuwa dalali hulipwa siku ya kuuza, halipwi siku ya kuamka. Kwa upande wetu wa Magarini kuna mambo mengine. Viwanja vingi vya nyumba vimekatwa katika mashamba, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 yataka idhini ya bodi kabla ya shamba kugawanywa au kuuzwa; bila ya idhini mauzo ni batili. Wengine wauza barua ya kugawiwa shamba katika mradi wa makazi, ule ulioanza miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia, au miradi iliyofuata, nayo barua si hati mpaka deni la mfuko wa makazi limalizwe. Na wengine wauza nyumba ya marehemu baba yao, ndugu mmoja peke yake, na dada zake wako Lamu na Mombasa hawana habari. Hilo halihitaji wakili; kila aliyesoma mirathi alijua.

Wako wanaotuletea karatasi ya kadhi wakadhani imetosha. Mahakama za makadhi, kwa katiba ya 2010, zahukumu baina ya Waislamu wanaozikubali katika ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Kuuziana kiwanja si katika hayo.

Hata hati yenyewe si mwisho. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yaifanya kuwa ushahidi wa kumiliki, lakini yaweza kutanguliwa ikiwa ilipatikana kwa hila au kinyume cha sheria. Na mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja kilichoko ufukweni mwa Nyali, iliamua kuwa kama ugawaji wa kwanza wa ardhi ulikuwa kinyume cha sheria, aliyenunua baadaye hakingwi na hati aliyopewa. Yaani mnunuzi hatazami aliyemuuzia tu. Hutazama na aliyemuuzia huyo, mpaka kwenye shina. Wanavyuoni wa hadithi, wanaotafuta sanad mtu kwa mtu, hawatalistaajabia jambo hilo.

Liko na jingine ambalo twalitaja kwa uchungu, kwa sababu hufanywa na watu wanaosali. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, na mnunuzi ndiye mlipaji. Basi hukubaliana waandike bei pungufu. Shilingi milioni moja huandikwa laki nne, na mashahidi hutia sahihi hali wajua. Huo ni ushahidi wa uongo, haubadiliki jina kwa kuwa anayeongopewa ni serikali. Na siku mauzo yakivunjika, mnunuzi akidai pesa zake, karatasi yake mwenyewe itasimama kumshuhudia kuwa alitoa laki nne.

Sasa turudi kwenye sahihi yetu. Kijana alipomaliza kusoma suali lake darsani alituuliza, na sauti yake haikuwa na ukali: "Sheikh wangu, wewe ulishuhudia nini?" Tulitaka kujibu kuwa tulishuhudia pesa zikihesabiwa, nalo ni kweli. Lakini karatasi haikutuuliza pesa. Na lau tungelikuwa wakweli tungelisema kuwa hatukuitwa kushuhudia, tuliitwa kupamba. Muuzaji alimtaka sheikh ili mnunuzi atue moyo, na mnunuzi alipomwona sheikh alitua moyo, hakuuliza tena. Kilemba chetu kilifanya kazi ambayo mzee hakuthubutu kuifanya kwa ulimi wake. Tumehesabu tukaona kuwa katika miaka ishirini tumetia sahihi karatasi nyingi za namna ile, na nyingi katika hizo ni za Kiingereza, lugha tusiyoisoma ila kwa kubabia. Hatujui zasema nini mpaka leo. Mwenye nazo, ikiwa jina letu limo, twamwomba atuletee tuzisikilize pamoja, hata kama hana ugomvi na mtu.

Tulirudi kwa mzee mara ya pili, na mara hii hatukwenda na kitabu. Tulimwambia yale ya kisima na ghorofa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua siku ile, Maalim. Nilisema moyoni, ataambiwa na wengine." Pesa nyingi zilikuwa zimekwishatumika katika matibabu ya mkewe. Amekubali kulipa kodi ya miaka minne iliyokuwa juu yake, na amerudisha laki mbili. Kijana kwa upande wake amechagua kutoirudisha nyumba. Ameonana na wenye ardhi, nao wamesema watamtanguliza yeye wakiuza, ila bei waliyoitaja yapita ile aliyonunulia nyumba yenyewe. Neno hilo halijaandikwa bado. Tumemwambia asilale nalo.

Kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya sala ya alasiri, tutakaa barazani na vijana wawili wa darsa waliosoma Kiingereza cha sheria, na kila mwenye mkataba, hati, barua ya kugawiwa au stakabadhi ya kodi ya kiwanja na aje nayo, asomewe kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Wanawake wamewekewa nafasi baraza ya ndani. Hatutoi hukumu wala hatuchukui ada, na asiyekwishatia sahihi ndiye atakayesomewa mwanzo.